Hati ya Kumkamata Mtani

"Mwanangu, mtu akiandikwa na mtani wake, amwogope nani?"

Swali hilo niliulizwa na mwanamke aliyesimama mbele ya meza yangu ameshika bakuli lililofungwa kitambaa, asubuhi moja ya kiangazi, katika masjala ya mahakama ya wilaya, Tabora. Nilikuwa na shahada ya sheria iliyokuwa bado inanukia wino. Nilikuwa nimesoma nia ya kutenda kosa, nimesoma mzigo wa ushahidi, na chuoni nilijulikana kwa kuwachosha wahadhiri kwa maswali. Nilimwambia akae kwenye benchi asubiri, jambo ambalo watu wa mahakama husema wakiwa hawajui la kusema.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa masjala mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitafuta kumbukumbu za makosa ya barabarani na kuzimaliza, kabla ya mashine zenu. Vyeo na mishahara naviruka; havikuwahi kumsaidia mtu kupata jalada. Nitaandika zaidi juu ya shauri moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu mpaka leo nikisikia gari limesimama nje ya nyumba bila kuzima injini, naacha ninachofanya, nasikiliza mpaka liondoke.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Mzee Feruzi, karani mkuu wa masjala. Alikuwa mtu wa mjini hapa hapa, babu zake walifika na misafara na hawakuona sababu ya kuendelea na safari. Alivaa kofia ya kufuma na suruali iliyonyooshwa mpaka ikatisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi sindano ndefu ya kushonea majalada, donge la nta ya nyuki la kupaka uzi, na kopo la mafuta ya taa.

"Sindano ni ya karatasi," alisema. "Mafuta ni ya mchwa. Sheria utaikuta kwa hakimu."

Nilikuwa nimepangiwa kusafisha mashauri ya barabarani yaliyolala. Yalikuwa mengi, na mengine mchwa walikuwa wameshayatolea hukumu. Utaratibu wenyewe ulikuwa huu. Trafiki alitembea na kitabu cha kuandikia makosa. Karatasi ya juu alipewa dereva, nakala ya kaboni ikabaki kitabuni. Kitabu kikijaa kilirudi kituoni, nakala zikaletwa mahakamani, nasi tukafungua majalada. Dereva asipofika tarehe aliyopangiwa, jina lake liliitwa na tarishi mlangoni kwa sauti, na asipoitika hakimu alitoa hati ya kumkamata. Kurasa za kitabu kile zilikuwa na namba, na askari ambaye kitabu chake kilipungua ukurasa alitakiwa kujieleza kwa wakubwa. Nawaomba mlikumbuke hilo la namba.

Somo la kwanza la Mzee Feruzi lilikuwa kwamba tusitafute mtu, tutafute gari. Majalada ya barabarani aliyapanga kwa namba ya gari, kwa kuwa dereva wa Unyamwezi alikuwa na jina la babu, jina la dini, na jina alilojipa mwenyewe barabarani, na mbele ya karani alitaja lolote lililokuja kwanza. Nilimuuliza kwa nini tusiandike majina yote. Akasema kadi haina nafasi. Nikamuuliza kwa nini tusitumie kadi kubwa zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akanitazama.

"Binti, chuoni walikufundisha kuuliza tu, au na kunyamaza pia?"

Nilidhani ananisuta. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiniombea.

Zilikuwa siku za kuhamia vijiji vya ujamaa. Malori yalipita kutwa yamebeba watu, vitanda, mitungi na kuku, na upande wa Nzega niliona kwa macho yangu nyumba zilizoezuliwa ili wenyewe wasirudi. Mimi niliamini vijiji. Nilikuwa nimevisifia kwenye insha. Lakini niliona pia jinsi watu walivyojifunza kusema kwa sauti ya chini hata wakiomba chumvi. Juu ya hayo mafuta yalikuwa adimu, na Jumapili baada ya saa nane mchana gari halikuruhusiwa kutembea bila kibali. Mji mzima ulinyamaza. Ukisikia injini Jumapili jioni ulijua ni gari lenye kibali, na gari lenye kibali, saa hizo, halikuja kukusalimia. Akina mama waliita watoto ndani. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Ndiyo maana Bi Nyamizi, yule mama wa bakuli, alipotaja kosa lenyewe, nilisimama nikafunga mlango.

Mumewe aliitwa Kulwa, mwenyeji wa Puge, dereva wa lori la serikali lililobeba wahamiaji. Jumapili moja ya mwaka uliotangulia alikuwa akirudi kutoka ng'ambo ya Nzega. Lori liliharibika njiani, na matengenezo yalipoisha saa nane ilikuwa imepita. Kibali hakuwa nacho. Angelala porini, lakini alipofika Puge alimkuta trafiki mmoja, Koplo Sefu, amekwama kando ya barabara akitafuta njia ya kurudi Tabora. Koplo alikuwa Mzaramo wa pwani. Kulwa alikuwa Mnyamwezi. Hao ni watani tangu enzi za misafara: wanatukanana, wanaitana watumwa, mmoja anaweza kuchukua kitu cha mwenzake mbele ya watu, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Koplo alisema, "Twende. Nikiwa ndani, nani atatusimamisha?"

Walipokuwa njiani Kulwa alisimamisha lori, akachukua kuku ambaye Koplo alikuwa amepewa na wenyeji wa Puge, akampa bibi kizee aliyekuwa akipita na kuni. Alisema hiyo ni fidia ya babu yake, aliyebeba pembe mpaka pwani akapewa maji ya chumvi. Koplo alitoa kitabu chake cha serikali, akakiweka gotini, akaandika: kuendesha gari la serikali Jumapili jioni bila kibali, jina la dereva, namba ya lori, na tarehe ya kufika mahakamani. Akachana karatasi ya juu, akampa. "Kaoze jela, mtumwa wangu." Walicheka mpaka Tabora. Kulwa aliibandika karatasi ile ndani ya lori, juu ya kioo, akawa anawaonyesha madereva wenzake.

Kesho yake asubuhi vitabu vyote vya trafiki vilikusanywa kituoni kabla Koplo hajaamka vizuri. Nakala ya kaboni ikaenda na kitabu. Koplo angeweza kusema ukurasa ule ulikuwa utani, lakini angeulizwa aliuandikia wapi, na angelazimika kujibu kwamba ndani ya lori lile lile, Jumapili ile ile.

Nilimsikiliza Bi Nyamizi mpaka mwisho, na sikuamini. Nilikulia mkoa mwingine, ambako utani ni mzaha tu kati ya mtu na shemeji yake. Nilimuuliza nani mwingine alikuwemo ndani ya lori.

"Kuku," alisema. "Naye ameliwa."

Tarehe ya kufika mahakamani Kulwa aliipuuza, akijua ni utani, akagundua kwamba kuna hati ya kumkamata alipokwenda kuhuisha leseni. Karani wa leseni alimnong'oneza, naye akatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu hapo hakuonekana. Bi Nyamizi alisema hajui aliko. Labda Choma, upande wa Igunga, kwa wajomba wenye ng'ombe. Hati yenyewe kituoni walimpa Koplo Sefu aitekeleze, kwa kuwa ndiye aliyemjua mtu. Kila Jumamosi Koplo alifika Puge na askari mwenzake, akapindua vihenge vya mtama, akachoma majani ya zizini kwa fimbo, akaandika taarifa kwamba mtuhumiwa hakuonekana. Hakumtazama Bi Nyamizi usoni hata mara moja.

Hapo ndipo aliponiuliza amwogope nani.

Huenda mtaona kosa la barabarani ni jambo dogo. Kuendesha gari la serikali Jumapili, wakati mafuta yanapotea kwenye malori na wakubwa wanadai wahujumu wapatikane, halikuwa kosa la faini. Madereva wawili walikuwa wameshachukuliwa kuhojiwa, na wake zao walikuwa bado wanazunguka na vikapu vya chakula, hawajui wavipeleke wapi.

Siku chache baadaye alikuja masjala bwana mmoja kutoka ofisi za mkoa. Alivaa suti ya mikono mifupi na alisema kwa upole. Hakukaa.

"Nasikia mna jalada la dereva mmoja, Kulwa."

Mzee Feruzi akasema linatafutwa.

"Likipatikana lije kwangu kwanza, kabla halijaenda kwa hakimu." Kisha akanigeukia. Aliniuliza jina langu ingawa alikuwa ameshalitaja, na akaniuliza hali ya mama yangu. Alimtaja kwa jina. Alijua na kijiji.

Alipoondoka, Mzee Feruzi alikwenda kufunga kabati, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena. Nilimwangalia mtu niliyedhani haogopi chochote isipokuwa mchwa.

"Lisipatikane," alisema, mgongo umenielekea. "Jalada lisilopatikana halimuumizi mtu."

"Na hati ya kukamata, mzee? Hati inaishi bila jalada."

Usiku ule nilipima jambo hili kila upande, kama nilivyofundishwa. Jalada lisipopatikana, hati itabaki na Kulwa atajificha maisha yake yote. Likipatikana likaenda mkoani, Kulwa atapotea na jalada lake. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo shauri lingeweza kuzimwa kabisa, nako ni mahakama ya wazi, mbele ya watu, mshtakiwa akiwa kizimbani kwa miguu yake mwenyewe. Mtu akijisalimisha mbele ya hakimu, hati imekwisha kazi. Halafu mashtaka yathibitishwe, au yaanguke. Na shahidi alikuwa mmoja tu, Koplo Sefu. Akisema kweli, anafungwa yeye. Akishikilia alichoandika, anafungwa mwenzake.

Kwanza lakini jalada. Nilitafuta kwa namba ya lori, sikulipata. Nikatafuta kwa jina, nikapata Kulwa wengine, maana Unyamwezi kila penye mapacha pana Kulwa. Kisha nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kosa lilitendeka wapi? Puge iko Nzega. Basi nikapanda basi kwenda Nzega, roho juu, kila kizuizi nikidhani nimefuatwa. Katika kizuizi kimoja askari alishika kitambulisho changu muda mrefu kuliko kilivyostahili, halafu akaniuliza kama mjini kuna sukari. Karani wa Nzega alinionyesha kwamba nakala ilifika kwao, ikarudishwa Tabora kwa sababu lori na dereva wake walikuwa wa ofisi ya serikali ya Tabora. Kumbuka hilo, kijana: shauri la barabarani halilali lilikozaliwa. Fuata njia yake kituo kwa kituo.

Niliporudi niliuliza majalada yaliyorudishwa kutoka Nzega yanawekwa wapi. Mzee Feruzi alikuja upande wangu wa chumba, akashika kabati kubwa kwa mikono miwili, akaniambia nishike huku. Tulilinyanyua. Chini ya mguu wake wa nyuma palikuwa na bunda limefungwa kwa uzi wenye nta mpya kabisa.

"Sakafu haiko sawa," alisema.

Sikumuuliza. Huenda lilikuwa swali la kwanza maishani mwangu nililoliacha kwa hiari.

Samansi ya shahidi nilimpelekea Koplo Sefu mwenyewe, kwenye njia panda ya stesheni, alikokuwa akiongoza baiskeli nyingi na gari moja moja. Alikuwa mtu mwembamba, sare yake imepigwa pasi kwa mikunjo inayoweza kukata mkate. Aliisoma samansi, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia.

"Dada, unajua mtani ni nani?"

"Naelezwa kila siku."

"Basi hujaelezwa." Alipuliza filimbi, akamsimamisha mwendesha baiskeli ambaye hakuwa na kosa, akamruhusu tena. "Nikisema kweli naingia ndani mimi. Nikisema uongo anaingia yeye. Huko chuoni walisemaje?"

"Walisema shahidi aseme kweli."

"Na hao waliosema walikuwa wanakaa wapi?"

Nilikasirika kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo. Nilimwambia kazi yangu ni kumkabidhi samansi, maneno ya kusema ni yake. Akaniuliza kama mshtakiwa mwenyewe tumempata.

"Wewe ndiye unayemtafuta, Koplo."

"Kweli," alisema, akatazama barabara. "Namtafuta kila Jumamosi. Kazi ngumu hiyo, dada. Vumbi tupu."

Nilimchukia. Nilimwona Bi Nyamizi na vihenge vyake vilivyopinduliwa. Siku hizo mama huyo alikuwa anafikia kwa dada yake mjini, na kila asubuhi alipita mahakamani na bakuli lake, akaniuliza kama kuna tarehe, kisha akashika njia ya laini ya polisi, zile nyumba wanazokaa askari. Alisema anauza michembe kwa askari. Mzee Feruzi alishangaa. "Siku hizi Wazaramo wanakula viazi vikavu?" alisema. "Kweli mchele umeadimika." Tulicheka, na mimi, mwenye maswali yote, nikaendelea kushona majalada.

Orodha ya mashauri ya juma ilipigwa chapa Ijumaa na kubandikwa ubaoni nje ya mahakama. Shauri likishabandikwa, wauza karanga wanalijua, mawakala wa mabasi wanalijua, na jalada lake haliwezi kuondoka mezani kwa hakimu bila watu kuuliza. Niliipiga chapa mwenyewe baada ya wengine kuondoka. Hakimu aliisoma akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi.

"Hili la Jumapili. Kuna mtu wa mkoani aliyeliulizia?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Alitazama dirishani. Alikuwa na watoto wadogo, na mkewe alikuwa mwalimu katika shule ya serikali. Nilijua anawahesabu wote.

"Liwe la kwanza," alisema, akatia sahihi. "Kabla watu hawajanywa chai."

Nilimwambia Bi Nyamizi kwamba mumewe lazima aje mwenyewe Jumatatu asubuhi. Akikamatwa njiani, mchezo umekwisha. Asipokuja, pia umekwisha. Nilimwambia sina ahadi ya kumpa. Shahidi ni yule yule anayemtafuta, na sijui atasema nini. Alinitazama kama mtu anayepima kama unga utatosha.

"Atakuja," alisema. "Yuko karibu kuliko unavyodhani."

Nilidhani anamaanisha roho yake.

Jumapili ile jioni nilikuwa nachambua mchele uani. Nilisikia injini. Ilikuja taratibu, ikafika mbele ya nyumba niliyopanga, ikasimama. Haikuzimwa. Mwenye nyumba wangu alinyanyuka kutoka kwenye mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango wake, na sikumlaumu. Niliketi na ungo mapajani. Nilifikiria mama yangu na jina lake mdomoni mwa yule bwana. Nilifikiria kwamba naweza kutoka nje sasa hivi nikasema jalada liko wapi, na kesho nikawa mtumishi mwema. Sijui gari lilikaa muda gani. Likaondoka kama lilivyokuja.

Jumatatu mahakama ilijaa. Bwana wa mkoani alikaa benchi la nyuma, mguu juu ya mguu. Tarishi aliita jina mlangoni. Mara ya kwanza kimya. Niliona mwendesha mashtaka, mkaguzi wa polisi mwenye mafua, anaanza kusimama ili aombe hati iendelee.

"Nipo."

Kulwa aliingia kwa mlango wa pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu wa porini, mwenye matongotongo na miiba. Alikuwa amenyolewa vizuri. Viatu viling'aa. Shati lake lilimbana mabegani lakini lilikuwa limepigwa pasi sawasawa, na nilijiuliza Choma wanapata wapi pasi kama hiyo. Akasimama kizimbani. Mashtaka yakasomwa. Akakana.

Koplo Sefu aliapishwa. Mwendesha mashtaka alimpa ile nakala ya kaboni, akamuuliza kama ni mwandiko wake. Akasema ni wake.

"Aliyekuwa akiendesha gari hilo unamwona humu mahakamani?"

"Simwoni, afande."

Mkaguzi akapenga kamasi. "Koplo. Umekuwa ukimtafuta nyumbani kwake kila Jumamosi."

"Ndiyo maana sikumpata, afande. Sura nimeisahau."

Kicheko kilipasuka katika mabenchi na kikafa hapo hapo, kila mtu akitazama nyuma. Hakimu aliweka kalamu chini.

"Koplo, umekula kiapo. Mtazame tena mshtakiwa."

Koplo alimgeukia Kulwa. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, bila haraka, kama mtu anayenunua ng'ombe. Neno moja la kweli lingemwangusha yeye, neno moja la uongo wa aina nyingine lingemwangusha mwenzake.

"Mheshimiwa, mtu huyu sijapata kumwona maishani mwangu."

Kulwa aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, akafunika uso kwa kiganja. Nilielewa kwamba analia, na nilimwonea huruma: kukanwa hivyo, mbele ya mji mzima, na mtu uliyecheka naye njia nzima.

Hakimu aliandika, akasoma alichoandika. Mshtakiwa hakutambuliwa. Shauri limeondolewa. Hati ya kukamata imefutwa. Niliigonga muhuri kwa mkono wangu, na wino ulienda pembeni.

Bwana wa mkoani alisimama. Alipita karibu na mkaguzi, akamwambia kwa upole ule ule kwamba askari asiyekumbuka sura hafai barabarani. Hakumgusa Kulwa, watu walikuwa wengi mno, na hukumu ilikuwa imesomwa kwa sauti. Mwezi haukuisha, Koplo Sefu akahamishiwa kituo cha mpakani, mbali, kulinda lango ambalo magari hayapiti. Kulwa hakurudi kwenye lori. Alilima Puge.

Nje ya mahakama nilimkuta Bi Nyamizi anafungua bakuli lake, anakula michembe mwenyewe. Nilimwambia nasikitika kwamba mumewe amekanwa hadharani namna ile.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Alimkana vizuri sana."

Nilirudi masjala na jalada mkononi. Shahidi alikuwa amesema uongo chini ya kiapo, na uongo huo ulikuwa umefanya haki, na hakuna kitabu changu kilichokuwa na mahali pa kuuweka. Nilimuuliza Mzee Feruzi jalada hili nilipange wapi. Alisema, "Kwa namba ya gari." Kisha akaenda kuangalia mchwa.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi baadaye, Tabora na kwingineko. Niliwafundisha wenzangu kufuata gari, kufuata kituo, kuuliza kosa lilitendeka wapi kabla ya kuuliza limetendwa na nani. Niliwafundisha kubandika orodha mapema, na wasiulizie sana kwa nini. Mzee Feruzi alistaafu akafariki, sindano yake ninayo. Hofu zile zilipungua polepole, kama maji ya bwawa, mpaka siku moja unagundua unapita pakavu. Swali la Bi Nyamizi lilibaki. Kila nilipoona neno mtani nilimkumbuka Koplo kizimbani, na nilijibu moyoni kwamba mtu amwogope mtani wake kuliko wote.

Kulwa alipofariki nilikuwa naelekea kustaafu. Nilikwenda Puge kumzika. Watu walikuwa wamebeba jeneza, wamekaribia kaburi, ndipo mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo alipojilaza chali juu ya udongo uliochimbwa, akakataa kuondoka. Alikuwa ametoka pwani kwa basi. Kufanya hivyo ni haki ya mtani, na ni wajibu wake.

"Huyu hazikwi," alisema Koplo Sefu. "Mtumwa huyu aniombe radhi kwanza. Alinikoromea laini nzima ya polisi ikataka kuamka. Akavaa shati langu, akalichana kwapani. Tena nilimwambia mapema: kizimbani macho chini, usicheke, yeye akacheka mpaka mabega."

Waombolezaji walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka. Mimi nilimgeukia Bi Nyamizi, aliyekaa kwenye mkeka na wajane wenzake. Aliniitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Majuma yote yale tuliyomtafuta Kulwa, alikuwa amelala kitandani kwa Koplo Sefu, katika laini ya polisi, na Koplo alilala chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, hati ya kumkamata ikiwa mfukoni mwake.